Uzi: Skizofrenia huanza kabla ya fujo, na huendelea baada ya fujo kuisha

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kutoka Dodoma. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, na sehemu kubwa ya utumishi wangu nimeifanya katika kliniki za wilaya za mkoa huu, ambako mgonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo na kushika imani zisizo za kweli, huletwa na ndugu zake wakati hali imeshaharibika: ameacha kulala, amevunja vyombo, amemtuhumu jirani mbele za watu, au amekutwa barabarani akitembea kwa miguu kuelekea asikokujua. Ninaloomba kulieleza kwa kirefu ni kwamba familia nyingi huupima ugonjwa huu kwa fujo peke yake. Fujo ikianza, wanasema ameugua. Fujo ikiisha, wanasema amepona, na dawa zinabaki juu ya kabati. Ugonjwa wenyewe hauendi hivyo. Huanza kimya kimya miezi au hata miaka kabla ya fujo, huendelea muda mrefu baada ya mgonjwa kutulia, na mengi yanayoamua jinsi atakavyoishi baadaye hutokea katika vipindi hivyo viwili ambavyo watu hawaviangalii.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao milioni 24 duniani walikuwa na skizofrenia, yaani takriban mtu mmoja katika kila watu 300. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 3 katika mkoa wa Dodoma. Ukilichukua kadirio hilo la dunia na kuligawa hapa kwetu, unapata watu wapatao elfu kumi. Sisemi kwamba wamehesabiwa. Nasema ili tusijidanganye kwamba ni ugonjwa wa wale wachache wanaoonekana stendi na sokoni. Wengi wako majumbani, na hapa mjini, ilipo Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, jina la hospitali hiyo hutumiwa kama tusi la mitaani, jambo linalomfanya mzazi azunguke kila mahali kabla ya kufika mahali ambapo mwanawe angetibiwa.

Mara nyingi ugonjwa huanza kati ya mwisho wa ujana na miaka ya ishirini na kitu, na kwa wanaume hujitokeza mapema kidogo kuliko kwa wanawake. Dalili za kwanza hazishtui. Kijana aliyekuwa akifanya vizuri darasani anaanza kushuka bila sababu inayoeleweka. Anaacha marafiki, analala mchana na kukesha usiku, hajali kuoga wala kufua, anakuwa na shaka na watu, anazama katika mawazo ya dini au ya siri kwa namna ambayo hakuwa nayo. Ukimuuliza, atakuambia hana tatizo. Hali hii peke yake haithibitishi skizofrenia, kwa kuwa sonona, matumizi ya pombe na bangi, au msongo wa maisha vinaweza kuonekana vivyo hivyo. Lakini mabadiliko yanayodumu kwa miezi na kuzidi kuongezeka yanatosha kabisa kumpeleka kwa mtaalamu, hata kama hajavunja kikombe kimoja.

Kisha huja kipindi ambacho kila mtu hukitambua. Mgonjwa anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, na kwake ni sauti halisi kama yangu na yako: nyingine zinamtukana, nyingine zinamwamuru, nyingine zinajadiliana juu yake kana kwamba hayupo, nyingine zinasimulia kila anachofanya. Anashika imani ambazo ushahidi wa namna yoyote hauziondoi. Anaamini kwamba redio inamtaja, kwamba simu yake inapeleka mawazo yake kwa adui, kwamba chakula kimetiwa sumu, kwamba kuna mtu anayeuendesha mkono wake. Maudhui ya imani hizo hutokana na mazingira, ndiyo maana mgonjwa wa kijijini atamzungumzia jirani aliyemloga na wa mjini atazungumzia kamera na usalama wa taifa, ingawa ugonjwa ni mmoja. Mazungumzo nayo yanaweza kuvurugika. Anaanza na jambo moja, anarukia la pili, la tatu halihusiani na lolote, na msikilizaji hawezi kumfuata. Wachache huganda, wakasimama au kukaa katika mkao mmoja kwa saa nyingi bila kusema wala kula, na hao wawahishwe hospitali haraka.

Kuna kundi la dalili ambalo familia haziliiti ugonjwa, na hapa ndipo ninapoumia zaidi. Uso hauonyeshi furaha wala huzuni. Majibu yanakuwa neno moja moja. Mtu hana msukumo wa kuanza kazi yoyote, hata kuinuka kitandani. Mambo aliyoyapenda hayampi raha. Umakini na kumbukumbu vinapungua, hata ukimtuma vitu vitatu dukani analeta kimoja au anarudi mikono mitupu. Hizi huitwa dalili hasi, zikiambatana na udhaifu wa kufikiri, na mara nyingi ndizo zinazomzuia mtu kurudi kazini au shuleni kuliko sauti zenyewe. Nyumbani wanaziita uvivu, kiburi, au kujidekeza. Nimesikia wazazi wema kabisa wakimwambia mtoto wao mgonjwa kwamba kama ameacha kupiga kelele basi hana sababu ya kutokwenda shamba.

Utambuzi hauhitaji kipimo cha damu kinachosema una skizofrenia au huna, kwa kuwa kipimo hicho hakipo. Daktari husikiliza historia ya mgonjwa na ya ndugu zake, huangalia muda wa dalili, na hufanya vipimo ili kuondoa magonjwa mengine yanayoweza kumfanya mtu achanganyikiwe: malaria kali, homa ya uti wa mgongo, kifafa, virusi vya ukimwi, kaswende iliyofika kwenye ubongo, matatizo ya tezi ya shingo, na ulevi wa aina mbalimbali. Mwongozo wa sasa wa Shirika la Afya Duniani unataka dalili ziwe zimedumu angalau mwezi mmoja. Kwa hiyo mtu aliyechanganyikiwa ghafla tangu jana akiwa na homa kali asidhaniwe ana skizofrenia. Huyo ni mgonjwa wa dharura wa mwili, na anahitaji kituo cha afya usiku huo huo.

Nitaendelea na mwendo wa ugonjwa na tiba katika ujumbe unaofuata.

Mwanzisha uzi (inaendelea)

Hadi mwaka 1952 dunia haikuwa na dawa ya ugonjwa huu iliyostahili jina hilo. Mwaka huo, Paris, madaktari Jean Delay na Pierre Deniker waliwapa wagonjwa wao kloropromazini na kuona wakitulia na kuanza kuzungumza na watu tena. Haloperidoli ilifuata mwaka 1958 huko Ubelgiji. Dawa hizo mbili bado zinatumika katika kliniki zetu, pamoja na sindano ya fluphenazini inayokaa mwilini kwa wiki kadhaa, na dawa za baadaye kama risperidoni na olanzapini. Nyingi ya dawa hizi hufanya kazi kwa kupunguza nguvu ya kemikali ya ubongo iitwayo dopamini.

Familia ielewe jinsi zinavyofanya kazi kwa hatua. Usingizi na utulivu vinaweza kurudi ndani ya siku chache; sauti na imani zisizo za kweli hupungua polepole kwa wiki kadhaa; dalili hasi husaidiwa kidogo tu. Mtu akitulia baada ya siku tano, ugonjwa bado uko palepale, na kuacha dawa wakati huo ni kumvua mtu mwavuli kwa sababu hajalowa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1999, uliowafuatilia wagonjwa 104 waliougua kwa mara ya kwanza, ulionyesha kwamba ndani ya miaka 5 zaidi ya wanne katika kila watano waliugua tena, na kwamba walioacha dawa walikuwa na hatari karibu mara tano zaidi ya walioendelea. Kila mgonjwa anapougua tena, huenda akachukua muda mrefu zaidi kurejea, na huenda asifike tena pale alipokuwa.

Hata hivyo sikubali kabisa usemi kwamba skizofrenia ni hukumu ya maisha. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba angalau mmoja kati ya wagonjwa watatu anaweza kupona kabisa. Wengine hupata vipindi vya kuugua na vipindi virefu vya uzima, na wengine hubaki na dalili kwa miaka mingi, ingawa hata kwao miaka ya mwanzo ndiyo huwa mikali zaidi. Kwa wale ambao dawa mbili zilizotumiwa ipasavyo zimeshindwa, ipo klozapini, ambayo jaribio la mwaka 1988 lilithibitisha kwamba huwasaidia baadhi ya wagonjwa walioshindikana. Lakini inahitaji damu kupimwa mara kwa mara, kwa kuwa inaweza, kwa watu wachache, kuangusha chembe nyeupe za damu kwa kiwango cha hatari.

Mchangiaji kutoka Kongwa

Dada muuguzi, asante kwa maelezo haya. Mdogo wangu alianza kuvuta bangi akiwa kidato cha tatu, na sasa anasema kuna watu wanaomfuata. Baba anashikilia kwamba akiacha bangi mambo yatakwisha, kwa hiyo hakuna haja ya hospitali. Je, ni kweli?

Mwanzisha uzi

Kaka yangu, baba ana sehemu ya ukweli. Bangi inaweza kumfanya mtu asikie sauti na kuwa na shaka kwa siku chache, kisha akarejea. Lakini inaweza pia kufungua mlango kwa mtu ambaye tayari alikuwa na mwelekeo wa ugonjwa. Nchini Sweden vijana zaidi ya elfu 45 walioandikishwa jeshini walifuatiliwa kwa miaka 15, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 1987 yalionyesha kwamba waliokuwa wamevuta bangi zaidi ya mara 50 kabla ya kuandikishwa walikuwa na hatari ya skizofrenia karibu mara sita ya wasiovuta. Wengi wa wavutaji hawakuugua. Na wengi wanaougua hawajawahi kuvuta. Kwa hiyo kumwachisha ni lazima, na kumpeleka ni lazima vilevile. Mkingoja muone bangi itoke, na huku anaamini anafuatwa, mnaupa ugonjwa muda, na muda mrefu bila tiba mwanzoni unahusiana na kupona kwa shida zaidi.

Mama wa Mpwapwa

Mwanangu muuguzi, mimi nina kijana wa miaka ishirini na sita. Tulizunguka kwa waganga, tukapeleka kwenye maombi, mwisho tukafika hospitali. Sasa hapigi kelele tena, lakini amekuwa kama zezeta. Anakaa chini ya mwembe kutwa nzima. Majirani wanasema dawa ndizo zilizomharibu, niziache apate akili zake. Nifanyeje?

Mwanzisha uzi

Shikamoo mama. Pole kwa safari ndefu, na hongera kwa kutomwacha. Swali lako lina mambo mawili yanayofanana kwa macho. Upo uzito unaoletwa na dawa: kusinzia, mwili kukakamaa, mikono kutetemeka, kutembea kwa hatua fupi, mate kumtoka. Huo unarekebishika, daktari hupunguza kipimo, hubadilisha dawa, au huongeza dawa ya kuondoa ukakamavu. Upo pia ukimya wa ugonjwa wenyewe, zile dalili hasi nilizozieleza, na huo hauondoki kwa kuacha dawa. Ukiziacha, sauti zitarudi na ukimya utabaki. Mwenye kuvitofautisha ni anayemtibu, kwa hiyo mpeleke naye, umweleze kila ulichokiona, na umwambie wazi kwamba unaona amezidiwa na dawa. Hiyo ni haki yako.

Kuhusu maombi, simwambii mtu aache imani yake, na wagonjwa wengi hupata nguvu kubwa kwa waumini wenzao. Ninachoomba ni kwamba asifungishwe chakula siku nyingi, asipigwe kwa jina la kutoa pepo, na dawa yake isisimamishwe.

Nyumbani mpe kazi moja kwa wakati mmoja, iliyo ndogo na yenye mwisho unaoonekana. Ateke maji ndoo mbili. Akimaliza, mshukuru, ndipo umtajie kazi ya kuku. Uchunguzi ulioanzia London katika miaka ya 1950 ulionyesha kwamba mgonjwa anayerudi katika nyumba yenye kulaumu na kumkosoa kila saa huanguka tena haraka kuliko anayerudi katika nyumba yenye utulivu. Nalo Shirika la Afya Duniani, katika tafiti zake za nchi mbalimbali zilizoanza mwishoni mwa miaka ya 1960, liliwakuta wagonjwa wa Ibadan nchini Nigeria na Agra nchini India wakiendelea vizuri zaidi kuliko wengi wa Ulaya. Wataalamu bado wanabishana juu ya sababu. Mimi, kwa niliyoyaona katika mashamba ya mtama na ya zabibu, naamini kwamba nyumba inayompa mtu nafasi ya kuchangia, hata akichangia polepole, inamtibu pamoja na dawa.

Jambo la mwisho kwako mama, kwa kuwa jua letu unalijua. Kama anatumia kloropromazini, ngozi yake huungua kwa jua kwa urahisi, na dawa hizi hupunguza uwezo wa mwili kujipoza. Akienda shamba avae kofia na nguo ya mikono mirefu, anywe maji mara kwa mara, na saa za jua kali akae kivulini. Shingo ikipinda ghafla au macho yakipanda juu na kukwama, mkimbize kituo cha afya. Huondolewa haraka kwa sindano. Akipata joto kali na mwili ukakakamaa wote huku akichanganyikiwa, hiyo ni dharura ya kufa na kupona, asipewe dozi nyingine hadi aonwe na daktari.

Mchangiaji, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma

Dada, dada yangu wa tumbo moja ana ugonjwa huu. Nina mchumba, na nyumbani kwao wamelijua jambo hili. Je, nami nitaugua? Na watoto wangu?

Mwanzisha uzi

Mdogo wangu, urithi upo lakini haukamilishi jambo. Kwa ndugu wa tumbo moja au mtoto wa mgonjwa hatari ni takriban asilimia 10, yaani karibu tisa kati ya kumi hawaugui. Hata kwa mapacha wa kufanana kabisa, mmoja akiugua, mwenzake huugua katika chini ya nusu ya visa. Kwa watoto wako, ukiwa wewe mwenyewe ni mzima, hatari inashuka zaidi. Waeleze wakwe ukweli huu bila aibu. Wewe mwenyewe kaa mbali na bangi, linda usingizi wako, na ukiona mabadiliko kama niliyoyaeleza mwanzoni, usione haya kuonana na mtaalamu mapema.

Mchangiaji kutoka Bahi

Kwetu yupo kijana amefungwa kamba kwenye nguzo ya nyumba. Ndugu zake wanasema wanaogopa atawaua. Kweli wagonjwa hawa ni hatari kiasi hicho?

Mwanzisha uzi

Wagonjwa walio wengi hawamdhuru mtu; mara nyingi zaidi wao ndio hupigwa, huibiwa na kubakwa. Hatari huongezeka pale ambapo mgonjwa hatibiwi, anatumia pombe au dawa za kulevya, au anasikia sauti zinazomwamuru. Hatari kubwa zaidi ni kwake mwenyewe, kwani takriban mgonjwa mmoja katika ishirini hufa kwa kujiua, hasa miaka ya mwanzo, na wakati mwingine akili ikianza kutulia na kuona alichopoteza. Akianza kuzungumzia kifo, msimwache peke yake na msisubiri.

Kamba inakata ngozi, inaleta vidonda, na inamthibitishia kwamba kweli anatafutwa kuuawa. Msibishane naye akikataa kwamba anaumwa, kwa maana kutojitambua ni sehemu ya ugonjwa. Katika utafiti wa nchi tisa wa Shirika la Afya Duniani niliougusia juu, hiyo ndiyo dalili iliyopatikana kwa wagonjwa wengi kuliko nyingine yoyote. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inatambua kwamba kuna wakati mgonjwa hupokelewa hospitali bila ridhaa yake. Nendeni kwa mtendaji wa kijiji na kituo cha afya kilicho karibu, elezeni hali, na mpate msaada wa kumsafirisha kwa heshima. Akishapata nafuu, ombeni barua ya kumrudisha katika hospitali ya wilaya ili dawa zipatikane jirani, kwa sababu nauli ya kwenda mjini kila mwezi ndiyo inayowashinda wengi kuliko ugonjwa.

Mchangiaji kutoka Kongwa

Dada, tutajuaje kwamba anaanza kuugua tena kabla hajafika mbali?

Mwanzisha uzi

Kila mgonjwa ana njia yake ya kurudia, na mara nyingi huwa ile ile. Mmoja huanza kwa kukosa usingizi, mwingine kwa kuzima simu na kuifungia, mwingine kwa kukataa chakula alichopika mtu fulani, mwingine kwa kucheka peke yake usiku. Kaeni pamoja na mgonjwa mwenyewe akiwa na nafuu, mkumbuke ilikuwaje mara ya kwanza, mziandike dalili zake tatu au nne nyuma ya kadi ya kliniki, pamoja na jina la dawa na kipimo chake. Mkubaliane mapema ni nani kati yenu atakayemsindikiza, maana akishaugua atamkubali mtu mmoja tu. Pimeni pia uzito, shinikizo la damu na sukari kila mnapofika kliniki. Wagonjwa hawa hufa mapema kuliko watu wengine, na mara nyingi kwa moyo na magonjwa mengine ya mwili ambayo watu hawakuyatafuta kwa sababu wote walikuwa wakiangalia akili. Na moja ya dalili mlizoandika ikionekana kwa siku mbili mfululizo, mpelekeni siku ya tatu, hata kama tarehe ya kliniki bado iko mbali.